Kaseti yasema Software Projects, hifadhidata yasema Bug-Byte

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mjomba wangu alisoma Leicester miaka ya themanini, akarudi Mombasa na kompyuta yake ya ZX Spectrum pamoja na sanduku la kaseti za michezo. Sasa, angali hai, amenirithisha zote, na nakutumia picha ya jalada la Manic Miner. Nimekuwa nikizilinganisha na hifadhidata moja ya michezo ya kompyuta za zamani, inayohaririwa na wapenzi wenyewe wa michezo hiyo. Humo Manic Miner imeandikwa kuwa ilitolewa na Bug-Byte, ilhali kaseti ya mjomba, tena ya dukani, imeandikwa Software Projects. Nikasahihisha. Kesho yake msimamizi akarudisha ya mwanzo. Nikasahihisha tena, akanifungia kuhariri kwa wiki mbili. Pia faili la Jet Set Willy lililomo humo haliulizi rangi za kadi, na kaseti yetu inauliza. Knight Lore nayo haina jina la mtunzi, wakati kila mtu anajua ni ya akina Stamper. Nifanyeje masahihisho yangu yakubaliwe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na Manic Miner, kwa sababu ndani yake mna karibu kila ulichouliza.

Kaseti yako haikukosea. Na rekodi uliyoifuta haikukosea pia. Matthew Smith aliuandika mchezo huo mwaka 1983 akiwa kijana mdogo bado, na Bug-Byte ya Liverpool ndiyo iliyoutoa kwanza. Smith hakuwa mwajiriwa wao. Aliwaandikia kwa mkataba wa kazi huru. Alipoondoka na kushiriki kuanzisha Software Projects, aliondoka na mchezo wake, na kampuni hiyo mpya ikautoa tena kwa jina lake. Kwa hiyo kuna Manic Miner mbili za halali, na mjomba alinunua ya pili.

Si jalada peke yake lililobadilika. Mchezo una mapango 20, na katika baadhi yake kampuni mpya iligusa michoro. Nenda hadi pango la 17, liitwalo The Warehouse. Katika toleo la Bug-Byte, vitu vinavyopanda na kushuka katika zile njia za wima ni mashine za kupuria. Katika toleo la Software Projects mahali pake pana pembetatu ya Penrose, ile pembetatu isiyowezekana kujengwa, ambayo ilikuwa nembo ya kampuni. Pango linalofuata, Amoebatrons' Revenge, lina viumbe wenye minyiri inayoning'inia katika toleo la kwanza. Katika la pili wamegeuzwa kuwa wadudu wanaotabasamu, wanaofanana na mdudu wa nembo ya Bug-Byte. Yaani kampuni mpya iliiweka ya zamani ndani ya mchezo kama adui. Mimi huona hicho ni kipande cha historia ya biashara ya Liverpool ambacho hukipati katika karatasi yoyote, kimehifadhiwa ndani ya mchoro wa nukta chache. Ndiyo maana naumia mtu anapozichanganya rekodi hizi mbili.

Huna haja ya kuwa hodari wa kuruka ili ufike huko. Wakati mchezo unaendelea, charaza 6031769. Kama ni toleo la Bug-Byte, kiatu kitatokea chini ya skrini karibu na wale vijimtu wanaohesabu maisha yako, na utaweza kuchagua pango. Namba hiyo ilitokana na leseni ya udereva ya Smith. Software Projects waliiondoa wakaweka neno TYPEWRITER. Basi msimbo unaokubali kwenye kaseti yako ndio ushahidi wako wa kwanza, na unaupata kwa dakika kumi ukijumlisha muda wa kupakia.

Sasa tazama ulichokifanya bila kukusudia. Ulipobadilisha jina la mchapishaji kwenye rekodi ile, picha za skrini zilizobandikwa chini yake zilibaki za Bug-Byte. Faili la kupakua lilibaki la Bug-Byte. Alama ya faili, zile tarakimu za CRC32 au SHA-1 zinazolitambulisha kama alama za vidole zinavyomtambulisha mtu, ilibaki ya Bug-Byte. Kilichobadilika ni jina la juu tu. Ukapata rekodi yenye kichwa cha mtu mmoja na kiwiliwili cha mwingine, na kosa la namna hiyo ni baya kuliko kosa la kawaida, kwa sababu anayekuja baada yako hana pa kulishtukia. Msimamizi alikuwa na haki ya kurudisha. Angeweza kukueleza kwa maneno mawili matatu kabla ya kukufungia, hilo nakubaliana nawe, lakini wasimamizi wa kazi hizi hufanya kwa kujitolea, usiku baada ya ajira zao, na aliyeona badiliko lile lile likirudi mara ya pili bila maelezo alidhani ni mharibifu.

Hifadhidata nyingi za aina hii zina tabaka tatu, hata kama kwenye skrini zinaonekana kama ukurasa mmoja. Juu kabisa kuna mchezo wenyewe, kile alichokitunga mtu. Chini yake kuna matoleo: kampuni gani, nchi gani, mwaka gani, kaseti au diski, bei gani. Chini ya kila toleo kuna nakala, yaani mafaili yaliyotolewa kwenye kaseti fulani iliyokuwa mikononi mwa mtu fulani. Wewe ni mtu wa Pwani, kwa hiyo nitakupa mfano wa nyumbani. Tenzi za zamani zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu zilinakiliwa kwa mkono, na mara nyingi mwenye kunakili aliweka jina lake na tarehe mwishoni. Nakala mbili za utenzi mmoja huweza kutofautiana beti kadhaa. Hakuna mwanachuoni anayeichukua nakala ya Lamu akaifutia beti zake kwa kuwa katika nakala ya Siyu hazimo. Anaziandika zote mbili, kila moja na alikoipata. Kaseti ya mjomba ni nakala ya Siyu.

Ulichotakiwa kufanya, basi, ni kuongeza toleo. Tafuta sehemu ya kuongeza toleo jipya chini ya mchezo uliopo. Hifadhidata nyingine hukiita hicho chapa ya pili. Ukikosa sehemu hiyo, mwandikie msimamizi umwombe aifungue. Usitengeneze mchezo mpya uitwao Manic Miner, maana hapo utakuwa umezalisha pacha, na mapacha hawa husumbua miaka.

Nalijua hili kwa machungu. Miaka mingi iliyopita, katika hifadhidata niliyokuwa nikiisaidia, niliona rekodi mbili: Rebelstar Raiders na Rebelstar. Mtunzi mmoja, Julian Gollop. Majina karibu sawa. Ramani za kivita zinazofanana. Nikaamua ni mchezo mmoja ulioingizwa mara mbili, nikaziunganisha usiku ule ule. Nilikosea. Rebelstar Raiders ilitolewa na Red Shift mwaka 1984 na ni ya wachezaji wawili tu. Rebelstar ilitolewa na Firebird mwaka 1986, imeandikwa upya, na ndani yake kompyuta yenyewe inaweza kuwa mpinzani wako. Tofauti hiyo ndiyo hatua kubwa katika kazi ya Gollop, nami niliifuta. Maoni ya majarida ya mchezo mmoja yakajikuta chini ya mwingine, picha zikachanganyika, na mafaili nayo. Kuunganisha kulinichukua dakika moja. Kutenganisha kulituchukua watu watatu wiki kadhaa, kwa sababu kila kipande kilibidi kiulizwe upya kilitoka wapi. Tangu hapo siunganishi rekodi mbili mpaka nimepakia michezo yote miwili na kuicheza kwa macho yangu.

Jet Set Willy sasa. Hapa pia nadhani rekodi iko sawa, ila faili ndilo lenye kasoro, na haya ni mambo mawili tofauti. Mchezo ulitolewa na Software Projects mwaka 1984, na ndani ya kasha waliweka kadi yenye miraba mingi ya rangi. Ukishapakia, mchezo unakuuliza rangi za mahali fulani kwenye kadi, ukikosea, huingii. Ilikuwa njia ya kuzuia watu kurekodiana kaseti, kwa kuwa mashine za fotokopi za rangi hazikuwa za kawaida wakati ule. Faili lisilouliza rangi limeondolewa kinga hiyo na mtu baadaye. Katika utaratibu wa majina unaotumiwa na TOSEC, mradi wa kuorodhesha mafaili ya kompyuta za zamani, faili la namna hiyo huwekewa alama ya [cr] mwishoni. Lililorekebishwa hitilafu huwekewa [f], lililoharibika wakati wa kunakili [b], na lililobadilishwa kwa makusudi [h].

Na huenda hilo faili limeguswa zaidi ya mara moja. Jet Set Willy iliuzwa ikiwa na hitilafu maarufu: ukishaingia chumba kiitwacho The Attic, data ya vyumba vingine inaharibika, na vyumba hivyo vinakuua mara unapoingia. Kampuni kwanza ilidai kwamba ilikuwa imekusudia iwe hivyo, halafu ikakubali na kutoa namba za kuingiza kwa POKE, amri ya kubadilisha namba ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, ili kurekebisha. Watu wengi walizitia namba hizo ndani ya nakala zao na kuzihifadhi. Basi ukichukua nakala, ukaingia The Attic, ukatoka salama na vyumba vyote viko sawa, ujue hiyo si ile iliyotoka dukani. Mchezo usio na kosa ndio nakala isiyo ya asili. Kaseti ya mjomba, ikiwa haijaguswa, ina thamani hapa kuliko hata ile ya Manic Miner, na nakuomba uinakili vizuri uipeleke, pamoja na picha safi ya kadi ya rangi.

Kuhusu kunakili, nikuonye jambo moja la Mombasa. Unyevu wa Pwani huotesha kuvu kwenye mkanda. Fungua kasha, elekeza kaseti kwenye mwanga, tazama kingo za mkanda kupitia kidirisha. Ukiona unga mweupe au madoa kama ya chokaa, usiicheze. Kuvu itahamia kwenye kichwa cha redio kaseti na kutoka hapo kwenye kila kaseti nyingine utakayoweka. Mpe kwanza mtu anayejua kusafisha mkanda. Kabla ya yote hakikisha vile vijino viwili vya juu vimevunjwa, kama tulivyokuwa tukivunja kwenye kaseti za taarabu ili mtoto asije akarekodi sauti yake juu ya nyimbo. Kaseti nyingi za dukani hutoka kiwandani hazina vijino hivyo, ila mtu anaweza kuwa alibandika karatasi ya gundi ili arekodie. Ukiikuta karatasi hiyo, ibandue kabla ya kubonyeza chochote.

Safisha kichwa cha kusomea kwa spiriti, rekodi kwa sauti ya mono, sampuli 44,100 kwa sekunde, bila kupunguza kelele wala kupamba sauti. Hifadhi faili hilo la sauti, la WAV, hata baada ya kulibadilisha kuwa TZX, aina ya faili linaloshika data ya kaseti za Spectrum, kwa sababu ndilo shahidi wa asili. Kisha angalia kama kila kipande kimesomeka. Spectrum huweka baiti moja mwishoni mwa kila kipande cha data, iliyopatikana kwa kuzichanganya baiti zote zilizotangulia. Zisipokubaliana, ndipo unapopata ule ujumbe wa R Tape loading error ambao mjomba bila shaka anaukumbuka. Programu za kubadilisha hukuonyesha kipande gani kimekosa. Kaseti ikiwa na pande mbili zenye mchezo ule ule, nakili zote mbili. Upande B mara nyingi haukuchezwa sana na uko hai zaidi. Zikilingana kwa kila baiti, una mashahidi wawili.

Tahadhari nyingine: jina linaloonekana wakati wa kupakia lina nafasi ya herufi 10 tu. Usilinakili kuwa jina la mchezo. Nimeona rekodi zenye majina yaliyokatwa katikati kwa sababu tu mtu aliliamini jina hilo.

Ikiwa ndani ya sanduku mna kaseti tupu zilizorekodiwa nyumbani, zenye majina yaliyoandikwa kwa kalamu, usizisajili kama matoleo. Zinakili kwa usalama, maana pengine ndani mna mchezo uliopotea kabisa, lakini zieleze kuwa ni nakala za nyumbani. Na kuwa na kaseti si kuwa na haki ya kuusambaza mchezo. Amstrad, walionunua biashara ya kompyuta ya Sinclair, watengenezaji wa Spectrum, mwaka 1986, waliruhusu programu ya msingi ya Spectrum isambazwe pamoja na emuleta, yaani programu zinazoiga kompyuta hiyo, huku wakibaki na hakimiliki, lakini ruhusa hiyo haigusi mchezo hata mmoja. Kila mchezo una mwenyewe. Mpe msimamizi faili kwa ajili ya kulinganisha, yeye anajua nani aliruhusu na nani alikataa.

Nije kwenye Knight Lore. Hapa rekodi ina pengo kweli, ila namna ya kuliziba ina adabu yake. Kampuni ya Ultimate Play the Game ilikuwa ya akina Stamper, Tim na Chris, kutoka Ashby-de-la-Zouch, na jina lake la kisheria lilikuwa Ashby Computers and Graphics. Ndiyo maana kwenye skrini unakuta A.C.G. badala ya Ultimate, na ndiyo maana mara kwa mara mtu hujaribu kuingiza A.C.G. kama mchapishaji mwingine. Ni walewale. Ultimate hawakuwa na desturi ya kutangaza nani alifanya nini. Basi ukiandika majina ya Tim na Chris, usiyaweke kana kwamba umeyasoma kwenye kaseti. Hifadhidata nzuri ina sehemu ya kueleza chanzo cha kila jina: limeonekana kwenye mchezo, limeonekana kwenye jalada, au limejulikana kwa mahojiano ya baadaye. Chagua hiyo ya tatu na utaje mahojiano gani, jarida gani, toleo gani. Neno "kila mtu anajua" ndilo litakalofanya ombi lako likataliwe, hata kama unalolijua ni kweli.

Pengo la majina lina historia, na hilo ndilo linalonifanya nisichoke nalo. Kampuni ya Atari walikuwa hawawatangazi watunzi wa michezo yao. Warren Robinett alipoitengenezea Adventure ya mwaka 1980, alificha ndani chumba cha siri chenye maneno ya kusema kwamba ni yeye aliyeuunda. David Crane na wenzake waliondoka Atari wakaanzisha Activision mwaka 1979, na mojawapo ya mambo waliyoyadai ni jina la mtunzi kuonekana. Unapojaza sehemu hiyo ndogo ya "mtunzi" unamalizia kazi ambayo watu hawa waliianza kwa kujificha. Ila kuna mpaka. Miaka ile vikampuni vingi viliendeshwa nyumbani, na majalada yaliandikwa anwani ya nyumba ili wateja watume hundi kwa posta. Unaposkani jalada la namna hiyo, usiinakili anwani hiyo kwenye rekodi. Huenda mtu bado anaishi pale.

Hukuuliza kuhusu tarehe, lakini nikukanye mapema. Mwaka ulio kwenye skrini ni mwaka wa hakimiliki. Unaweza kutofautiana na mwaka wa dukani, hasa mchezo ulipokamilika Desemba. Knight Lore yenyewe ni mfano: Stamper walisema baadaye kwamba ulikuwa umekamilika kabla ya Sabre Wulf, wakauzuia, Sabre Wulf ukatangulia madukani mwaka 1984, na Knight Lore ukafuata mwaka uleule. Hifadhidata inataka lipi, siku ya kukamilika au siku ya kuuzwa? Lazima ujue kabla hujagusa tarakimu.

Tangazo kwenye jarida nalo halithibitishi kwamba mchezo ulitoka. Imagine, kampuni nyingine ya Liverpool, ilitangaza Bandersnatch kwa kurasa nzima na picha za watunzi wake. Kampuni ikafilisika Julai 1984, na mchezo haukuwahi kufika dukani. Anayezitazama kurasa zile leo bila kujua atauweka kwenye orodha na mwaka wake, na bei. Maoni ya jarida, yaani makala ya mtu aliyeucheza na kuupa alama, yana nguvu zaidi, ijapokuwa hata hayo yaliandikwa wakati mwingine kwa nakala isiyokamilika. Na mwezi ulioandikwa juu ya jarida la Uingereza kwa kawaida si mwezi lililouzwa. La Desemba lilikuwa vibandani Novemba. Mtu akikutolea jarida la Januari kuthibitisha kwamba mchezo ulitoka Januari, amechelewa.

Hata mchezo mashuhuri haukwepi hili. Super Mario Bros. ya Nintendo ina tarehe yake ya Japani isiyo na mgogoro, 13 Septemba 1985. Siku ulioanza kuuzwa Marekani imebishaniwa na watafiti makini kwa miaka, kwa sababu duka na kampuni hazikuacha karatasi zinazokubaliana. Kama mchezo ule umekosa siku, usishangae wa kaseti ya pauni 1.99 ya Mastertronic, kampuni ya michezo ya bei nafuu, kukosa. Andika kiasi ulichothibitisha. "1984" iliyo kweli ni bora kuliko siku, mwezi na mwaka vilivyobuniwa. Na popote unapoona 1 Januari, shuku: hifadhidata nyingi zisizokubali mwaka peke yake hujaza siku hiyo zenyewe, kisha nyingine zikainakili kama siku ya kweli.

Hapo ndipo lilipo kosa ninaloliona kuliko yote. Mtu anasahihisha rekodi kwa ushahidi wa hifadhidata nyingine. Anasema, nimekuta tovuti tano zimeandika hivi. Lakini tovuti hizi zinachukuliana. Mashahidi watano waliosikia kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja. Dalili yake ni kosa la tahajia: ukiona jina la mtunzi limekosewa herufi ileile mahali patano, umeona mtu mmoja akinakiliwa mara nne. Toka nje ya mzunguko huo. Nenda kwenye kitu chenyewe: kaseti, jalada, skrini, ukurasa wa jarida.

Wiki zako mbili zikiisha, mwandikie msimamizi kwanza kabla ya kubonyeza chochote. Usianze na malalamiko. Mwambie hivi: "Mwezi uliopita nilibadilisha jina la mchapishaji wa Manic Miner mara mbili, naelewa sasa kwamba rekodi ile ni ya toleo la Bug-Byte. Nina kaseti ya toleo la Software Projects. Naambatisha picha za jalada mbele na nyuma, picha ya kaseti pande zote mbili, picha ya skrini ya The Warehouse, na SHA-1 ya faili la TZX la kila upande. Naomba toleo hili liongezwe chini ya mchezo." Hakuna msimamizi ninayemjua atakayekataa ujumbe huo. Baada ya siku kadhaa, peleka Jet Set Willy katika ujumbe wa pili. Halafu Knight Lore katika wa tatu. Ukivichanganya vyote, moja likiwa na utata yatasimama yote.

Picha nazo zina namna. Zipige mchana kando ya dirisha bila taa ya kamera, jalada limekunjuliwa lote, pamoja na yale maandishi madogo ya ubavuni. Huko ubavuni ndiko namba ya orodha ya kampuni huwa, na namba hiyo mara nyingi hutenganisha toleo na toleo kuliko kingine chochote. Usikate kingo za picha. Na usifute maandishi ya kalamu kwenye jalada, hata yakionekana kama uchafu.

Nasema hivyo kwa sababu katika picha uliyonitumia ya Manic Miner, nyuma ya jalada, nimeona mwandiko wa buluu: "Leicester, 4/84". Kama ni mwandiko wa mjomba, basi una kitu ambacho hifadhidata haina: kaseti hii ya Software Projects ilikuwa mikononi mwa mteja, katika mji huo, kufikia Aprili 1984. Haisemi ilitoka lini, ila inasema haikutoka baada ya hapo. Umesema mjomba yuko hai. Mpelekee kaseti, mwache aishike kabla hujamuuliza lolote, halafu mwulize alinunua duka gani, kwa kiasi gani, na kama ni yeye aliyeandika. Washa simu urekodi sauti yake, na mwanzoni mwa rekodi utaje tarehe ya siku hiyo.